Kupima mwendo wa wenye matende vijijini Lindi: kamera ya simu au vihisi vya kuvaa?

FizioPwani aliuliza:

Habari za kazi wadau, na shikamooni wakubwa wa fani.

Tunaandaa utafiti mdogo kwenye vijiji vya pwani ya Lindi, upande wa Mchinga, kwa watu wazima wenye matende ya mguu mmoja. Watafundishwa kuosha mguu kwa sabuni, kuukausha hadi katikati ya vidole, kuuinua wanapopumzika, pamoja na mazoezi ya kifundo na goti. Baada ya miezi 6 tunataka kujua kama mwendo wao umebadilika: kasi, urefu wa hatua, tofauti kati ya mguu mzima na mguu uliovimba, na ikiwezekana pembe ya goti.

Tulichonacho ni simu mbili za Android zinazorekodi fremu 60 kwa sekunde, kompyuta mpakato moja ya Windows, stendi moja ya miguu mitatu, na fedha ya kununua vipuri vya vihisi viwili au vitatu vya kutengeneza wenyewe. Maabara ya kamera nyingi na alama za kung'aa, kama zile za Vicon au Qualisys, hatuna. Tutapimia zahanati. Umeme upo ila hukatika, intaneti ni ya bando.

Naomba ushauri wa vitendo. Simu inatosha, au tutengeneze vihisi vyenye akselerometa (kipima mchapuko) na jairoskopu (kipima mzunguko)? Na kipi kitatukwamisha tukiwa kijijini?

Lenzi_Mita4 alijibu:

Dada FizioPwani, kwa kasi na urefu wa hatua simu inatosha. Kwa pembe ya goti inatosha kwa masharti, na nitaanza na hayo masharti kwa sababu yakipuuzwa hakuna programu itakayookoa video.

Laza simu kwa upana kwenye stendi, lenzi ikae sm 70 hadi 90 kutoka sakafuni, na iitazame njia ya kutembelea kwa pembe mraba. Iwe mita 4 hivi kutoka kwenye njia. Kwa lenzi kuu ya simu nyingi utaona karibu mita 5 za njia. Tumia mita 3 za katikati tu, kwa kuwa pembeni lenzi hupinda picha. Video ya upana wa pikseli 1920 ikibeba mita 5, kila pikseli ni milimita 2.6, kwa hiyo pikseli hazitakuwa tatizo lenu. Tatizo litakuwa mtu kutoka kwenye mstari. Akisogea sm 20 kuelekea kamera iliyo mita 4, anaonekana mkubwa kwa asilimia 5, na hatua ya sm 50 inasomeka sm 52.6. Kosa la namna hiyo linatosha kabisa kufunika badiliko mnalolitafuta. Chora mstari wa chaki sakafuni, na ile fimbo ya mita 1 ya kupimia mizani ya picha iwekwe juu ya mstari wenyewe, kamwe si ukutani nyuma yake.

Mwanga. Vyumba vya zahanati nyingi vina giza, na simu ikiachiwa ijiamulie itafungua shata (kilango cha kuingiza mwanga) muda mrefu. Unyayo unaorushwa mbele kwa mita 3 kwa sekunde, shata ikiwa 1/60 ya sekunde, unasafiri sm 5 ndani ya fremu moja, yaani kifundo ni ukungu tu. Kwa shata ya 1/500 unasafiri milimita 6. Tumieni programu ya kamera inayokubali kufungiwa shata na mwanga kwa mkono, na mpimie penye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja. Kibaraza chenye kivuli asubuhi ni bora kuliko chumba. Jua la saa saba mchana huleta kivuli kikali cha mguu mmoja juu ya mwingine, na simu ikipata joto hupunguza fremu yenyewe bila kukuarifu.

Zimeni kitulizi cha picha, kwa sababu huzisogezasogeza kingo za fremu na mizani yako inayumba. Msiamini kwamba fremu 60 ni 60 kweli. Simu nyingi hurekodi kwa mwendo unaobadilika, mara 60 mara 52, na programu ya uchambuzi ikidhani zote ziko sawa, muda wa kukanyaga unapinda. Someni muda wa kila fremu kwa ffprobe, programu ya kusoma taarifa za faili la video, kisha mtumie muda huo kukokotoa, badala ya kuhesabu fremu. Na video zisipitishwe WhatsApp kutoka simu hadi kompyuta. Inabanwa, fremu zinapotea, na muda halisi unakwenda nao. Tumieni waya wa USB.

Uchambuzi: Kinovea ni bure kwa Windows, unaweka alama kwa mkono fremu kwa fremu. Ni kazi ya kuchosha lakini unaona unachokipima. MediaPipe Pose inatambua alama 33 za mwili yenyewe na hufanya kazi kwenye kompyuta bila intaneti. Ukirekodi kwa ubavu, chukua mguu ulio upande wa kamera tu, kwa sababu miguu inapopishana programu huubatiza wa kushoto kuwa wa kulia. Mtu atembee kwenda na kurudi, kila mguu upate zamu yake ya kuwa karibu. Kisha laini mkondo wa alama kwa kichujio cha Butterworth cha daraja la 4, ukomo wa Hz 6, kipitishwe mbele na nyuma ili kisicheleweshe tukio.

OpenCap ya Stanford inatoa viungo kwa vipimo vitatu na ni nzuri, ila mfumo wake wa kawaida hutaka vifaa viwili au zaidi vya iOS, na video hupelekwa kwenye seva zao. Kwa simu za Android na bando la kijijini, haiwafai.

MwanaMikindani alijibu:

Kaka Lenzi ameeleza vizuri upande wa kamera. Mimi nigusie kilicho mbele ya kamera, kwa sababu ndipo vipimo vya pwani yetu vinapoharibikia.

Kina mama watakuja na khanga au kitenge kinachofika kifundoni, na mwenye matende hujifunika zaidi. MediaPipe haitasema "sioni goti". Itabuni goti mahali fulani kati ya nyonga na kifundo, na mchoro utakaotoka utakuwa laini na wa kupendeza. Alama ya kujiamini ambayo programu inaitoa kwa kila kiungo inaweza kubaki juu hata goti likiwa limefunikwa kabisa, kwa hiyo isiwe kigezo pekee cha kukubali video. Mtazamaji akae na video aseme goti linaonekana au halionekani, na iandikwe.

Jambo la pili ni zito zaidi. Khanga iliyofungwa kwa kubana inafupisha hatua yenyewe. Ukimpima mtu kwa khanga mwanzoni, halafu miezi 6 baadaye ukampima kwa bukta kwa kuwa sasa mmezoeana, atarefusha hatua bila mguu kubadilika hata kidogo, na utaandika kwamba mazoezi yenu yamefaulu. Vazi la kipimo cha kwanza ndilo la kipimo cha mwisho. Liandikwe kwenye fomu, na picha ya namna lilivyofungwa iwekwe bila sura.

Taiti zinazotumika kwenye maabara za mwendo hazifai hapa. Mguu wa matende hauingii, na ukiingia unabanwa. Njia ninayoipendekeza ni khanga nyingine ya utafiti, ileile kwa wote, ifungwe iishie juu kidogo ya goti, ndani ya chumba kilichofungwa, mpimaji akiwa mwanamke, na hakuna mtu mwingine anayepita. Akikataa, heshimuni. Mchukue kasi na vipimo vya kihisi cha kiunoni, pembe ya goti iachwe wazi. Data pungufu ni bora kuliko mama aliyeondoka amefedheheka na hatarudi baada ya miezi 6.

Alama ya kifundo pia mtaipata kwa shida hata mguu ukiwa wazi. Programu hizi zilifundishwa kwa picha za miguu ya kawaida, na mguu ambao mikunjo ya ngozi imeficha kifundo unazichanganya. Pembe ya kifundo msiipime kwa video kabisa. Kwa goti, wekeni alama kwa mkono kwenye Kinovea kwa mguu ulioathirika.

Kabla ya kipimo chochote kagueni ngozi. Katikati ya vidole, chini ya mikunjo, nyayoni. Penye mpasuko au kidonda haikai tepu wala stika. Mwenye homa ya mitoki, mguu umewaka moto na unauma, hapimwi siku hiyo. Apelekwe kwa tabibu, na apangiwe tarehe nyingine homa na maumivu yakiisha na ngozi ikitulia.

Andikeni hatua ya matende, yaani ukali wake, kwa mpangilio wa Dreyer wenye hatua 7. Kwa wanaume ulizeni mabusha, kwa staha na faraghani. Busha kubwa hupanua nafasi kati ya miguu na kufupisha hatua hata kama mguu wenyewe ni mzima. Akifanyiwa upasuaji wa busha katikati ya utafiti, mwendo utabadilika sana kwa sababu isiyohusiana na mazoezi yenu.

Uvimbe huwa mdogo asubuhi, huongezeka jioni. Kila mtu apimwe saa ileile aliyopimwa mwanzo. Viatu vilevile au peku mara zote mbili. Na tazameni kalenda ya korosho: ukianza Aprili, miezi 6 inaangukia Oktoba, watu wako mashambani wanaokota tangu alfajiri. Wengi hamtawapata, na watakaokuja watakuwa wamechoka kwa namna ambayo hawakuwa Aprili.

Fundi_Kihisi alijibu:

Ninakubaliana na dada MwanaMikindani, na kwa sababu zake hizohizo ninaona kihisi kimoja cha kiunoni kitawafaa kuliko kamera kwa wengi wa watu hawa. Kinafungwa juu ya nguo, hakirekodi sura, na hakijali khanga imefungwaje.

Msifunge kihisi kwenye muundi uliovimba. Mahesabu yote ya muundi yanadhani kihisi kinafuata mfupa. Kwenye nyama iliyovimba kinatikisika chenyewe, mshtuko wa kisigino unafika umechelewa na umelainishwa, na mguu mzima wa pili haufanyi hivyo, kwa hiyo "tofauti ya miguu" utakayoiona itakuwa tofauti ya nyama. Juu ya hapo, mkanda wa kukaza kihisi vizuri ni mkanda wa kuubana mguu usiopaswa kubanwa.

Kiunoni pa kufunga ni nyuma, chini ya uti wa mgongo, usawa wa juu ya mifupa ya nyonga. Mkanda wa lastiki wenye upana wa sm 8 hivi, ukazwe hadi vidole viwili vipite kwa shida. Hapo unapata idadi ya hatua kwa dakika, muda wa kila hatua, na ulinganifu. Urefu wa hatua unakadiriwa kwa mfano wa pendulumu iliyogeuzwa wa Zijlstra na Hof wa 2003: hatua = 2√(2lh − h²), l ikiwa urefu wa mguu na h ni kiasi ambacho kiuno hupanda na kushuka. Mguu wa mita 0.85 na mpando wa mita 0.03 vinatoa mita 0.45, kisha huzidishwa kwa kirekebishi cha takribani 1.25, inakuwa 0.56. Hicho 1.25 kilitokana na watu wenye afya. Kwa watu wenu kitafuteni upya, kwa kila mtu: atembee mita 10 mlizopima kwa futi, mgawanye kwa hatua zake, mlinganishe na kilichosomwa na kihisi.

Ulinganifu pimeni kwa njia ya Moe-Nilssen na Helbostad ya 2004. Mkondo wa mchapuko wa juu-chini unalinganishwa na nakala yake iliyosogezwa. Ukisogezwa kwa muda wa hatua moja, unaona jinsi hatua ya kushoto inavyofanana na ya kulia. Ukisogezwa kwa hatua mbili, unaona jinsi mzunguko mmoja unavyofanana na unaofuata. Ondoeni hatua za kuanza na za kusimama. Mita 10 kwa mtu anayetembea polepole ni hatua 20 hivi, haba kwa hesabu hii, kwa hiyo apite mara 4 akipumzika anapotaka.

Kabla ya kununua vipuri, jaribuni simu mliyonayo. Phyphox, programu ya simu ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, ni bure, inarekodi akselerometa na jairoskopu na kutoa faili la CSV. Washeni kuanza kwa kuchelewa na muda maalumu, sekunde 5 za kusubiri halafu 40 za kurekodi, ili usibonyeze simu ikiwa imeshafungwa mgongoni. Android haihakikishi kasi sawa ya usomaji: ukiomba 100 kwa sekunde unaweza kupata 97 na mapengo. Tumieni safu ya muda iliyomo kwenye faili kupanga upya data iwe 100 sawasawa. Simu ni nzito, isipokazwa inatikisika kwa mdundo wake yenyewe na utaona vilele viwili kwa hatua moja.

Mkiamua kutengeneza: ESP32 (kompyuta ndogo ya kuendesha kifaa), MPU-6050 (chipu yenye akselerometa na jairoskopu), kisomeo cha kadi ya microSD, betri ya LiPo ya mAh 500, na saketi ya kuchajia ya TP4056 yenye ulinzi. Mambo manne hukwamisha.

La kwanza, TP4056 hutoka kiwandani ikichaji ampea 1 kwa kipinga cha kΩ 1.2. Kwa betri ya mAh 500 ni nyingi mno. Badilisheni kiwe kΩ 5, ichaji mA 250. Betri iliyovimba haichajiwi tena.

La pili, kidhibiti volti cha AMS1117 kinachouzwa na bodi nyingi hudai volti 1 na ushei juu ya 3.3. Betri ya LiPo ikishuka kidogo tu, ESP32 inajizima na kujiwasha katikati ya kipimo na faili linakatika. Tafuteni kidhibiti chenye upotevu mdogo wa volti, na Wi-Fi mzime wakati wa kurekodi.

La tatu, kadi ya SD husita wakati wa kuandika, pengine zaidi ya milisekunde 100, na usomaji 10 unapotea. Tumieni hifadhi ya ndani ya MPU-6050 yenye baiti 1024. Kila usomaji wa mihimili 6 ni baiti 12, kwa hiyo inabeba usomaji 85, sawa na sekunde 0.85 kwa kasi ya 100. Andikeni kwa mafungu.

La nne, nyaya za kuchomeka tu kwenye ubao wa majaribio (breadboard) hazihimili kutembea. Lehemuni kila kiungo na mwageni gundi ya moto juu yake, maana I2C, njia ya mawasiliano kati ya kihisi na ESP32, ikipoteza mguso kwa nukta moja kihisi kinaganda kwenye namba ileile hadi mwisho.

Kiunoni wekeni akselerometa ±4 g na jairoskopu ±500 digrii kwa sekunde. Kila asubuhi washeni dakika 10 kabla, kwa kuwa jairoskopu hubadilisha sifuri yake joto likibadilika, kisha kiacheni mezani sekunde 30 na mtoe wastani. Akselerometa ilazwe kwa nyuso 6. Kila uso ukiwa juu isome karibu na mita 9.78 kwa sekunde mraba, ndiyo mvuto wa latitudo zetu. Ikisoma 10.1 upande mmoja na 9.4 upande wa pili, kuna sifuri iliyohama na inarekebishika. Ikikataa kutulia, kitupeni hicho kihisi.

FizioPwani alijibu:

Nashukuruni sana. Nimeelewa tuanze na kiuno. Yamebaki mawili. Kamera na kihisi tukivitumia pamoja kwa watu wachache ili kulinganisha, saa zake tunazioanishaje? Na kibaraza cha zahanati mojawapo ni mita 9 tu, nje ni mchanga. Tufanyeje?

Fundi_Kihisi alijibu:

Kuoanisha: kabla hajaanza kutembea, kihisi kikiwa tayari kimefungwa na kamera inakiona, mpimaji akigonge kwa kidole mara tatu kwa nguvu. Vilele vitatu kwenye mchapuko, miguso mitatu kwenye video. Rudieni mwishoni mwa kila kipimo. Muda kati ya mapigo ya kidole ya mwanzo na ya mwisho ukitofautiana kwenye vifaa viwili, saa moja inakimbia, na mnaisambaza tofauti hiyo sawasawa katika kipimo chote. Kwa video ya fremu 60 hamtaoanisha vizuri kuliko milisekunde 17, ambayo ni fremu moja.

KipimoKwanza alijibu:

Kwa habari ya mchanga: msipimie hapo. Mchanga laini hula nguvu ya kusukuma, hatua zinafupika na mshtuko wa kisigino unaotafutwa na kihisi unapotea, tena ugumu wake hubadilika ukilowa mvua. Shule ya msingi iliyo karibu huwa na ukumbi au kibaraza kirefu cha saruji. Ombeni kwa mwalimu mkuu siku ya Jumamosi. Ikishindikana, kila kijiji kipimwe mahali palepale mara zote mbili, hata kama njia ni fupi.

Na sasa niseme lililonifanya nijiunge. Mmezungumzia kamera na vihisi kwa kina, lakini kipimo kikuu cha utafiti huu kingefaa kuwa kasi ya kutembea kwa saa na futi. Njia ya mita 14, mnapima muda wa mita 10 za katikati, mita 2 kila upande ni za kuongeza na kupunguza mwendo. Kidole cha mpimaji huchelewa sehemu ya 0.2 ya sekunde. Kwa mtu anayetembea mita 1 kwa sekunde, hiyo ni asilimia 2 kwenye mita 10 na asilimia 5 kwenye mita 4. Ndiyo maana kibaraza cha mita 9 kinawabana: mkitoa mita 2 kila mwisho mnabaki na 5, na kosa ni asilimia 4. Bado linavumilika mkirudia mara tatu na kuchukua wastani. Maelekezo yawe yaleyale neno kwa neno, "tembea kama unavyotembea siku zote hadi kwenye mti ule", na kwa wazee wanaosikia Kimwera vizuri zaidi awepo mtu wa kuwaeleza kwa maneno yaliyokubaliwa mapema. Mpimaji asitembee mbele wala sambamba naye, atavutwa na mwendo wa mpimaji.

Kihisi na kamera ni vya kueleza kwa nini kasi imebadilika au haikubadilika. Hapo ndipo thamani yake. Mtu anaweza kuongeza kasi kwa kuuburuta mguu ule ule kwa haraka zaidi, na saa peke yake haitaliona hilo.

Pimeni pia uvimbe wenyewe, kwa kuwa bila huo hamtajua mwendo umebadilika pamoja na nini. Futi ya fundi cherehani, mzingo kila sm 10 kuanzia juu ya kifundo hadi chini ya goti, miguu yote miwili. Ujazo wa kila kipande ni h(C₁² + C₁C₂ + C₂²) ÷ 12π. Mzingo wa sm 30 na wa sm 34, kipande cha sm 10, vinatoa mililita 816. Futi ikazwe iguse ngozi bila kuizamisha. Wapimaji wawili wakikaza tofauti, mtapata "nafuu" isiyokuwepo.

Kabla ya kuanza utafiti, chukueni watu 20 hadi 30 wa aina hiyohiyo, wapimwe mara mbili kwa siku chache kati yake, wakati hakuna sababu ya kubadilika. Kokotoeni ICC, namba inayoonyesha jinsi vipimo vilivyorudiwa vinavyokubaliana, halafu kosa la kipimo: mkengeuko sanifu mara √(1 − ICC). Badiliko dogo kabisa la kuaminika kwa mtu mmoja ni 1.96 × √2 × kosa hilo. Kwa mfano, kosa likiwa mita 0.05 kwa sekunde, badiliko la chini ya 0.14 kwa mtu mmoja msiliite nafuu. Fanyeni hivyo kwa kila namba mtakayoripoti: ulinganifu, urefu wa hatua, pembe ya goti. Mtashangaa ni ngapi zitaanguka hapo, na ni heri zianguke sasa.

Vizingiti vya mita 0.4 na 0.8 kwa sekunde mtakavyokutana navyo vilitoka kwa wagonjwa wa kiharusi, kazi ya Jacquelin Perry na wenzake ya 1995. Msivitumie kumhukumu mwenye matende. Na bila kundi la kulinganisha linalopimwa majira yaleyale, msimu utawadanganya: joto, kilimo, na shughuli vyote vinagusa uvimbe.

Kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kitaje video waziwazi, na barua zifike kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa mtendaji wa kijiji kabla ya stendi kusimamishwa. Video ya mtu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Fremu ianzie chini ya kifua kushuka tangu kurekodi, badala ya kutegemea kufuta sura baadaye. Faili lipewe namba, na daftari la majina likae mbali na kompyuta.

MwanaMikindani alijibu:

Nyongeza ndogo kwa dada FizioPwani juu ya mikanda. Kila mshiriki awe na mkanda wake wa lastiki wenye namba yake, uoshwe kwa sabuni na uanikwe juani kabla ya kipimo cha pili. Kihisi kiingizwe kwenye kifuko cha nailoni kinachofutika. Na faili la kila mtu lifunguliwe kwenye kompyuta kabla hajaondoka: mkondo upo, vilele vya mapigo matatu ya kidole vinaonekana, muda haujakatika. Kama umeme umekatika na kompyuta imezima, angalieni kwenye simu. Aliyetembea kutoka kijiji cha jirani kwa mguu ule hafai kuitwa tena kesho kwa sababu kadi haikuandika.